SOMO: KUMZOESHA KIJANA MAHOJIANO YA CHUO CHA UDAKTARI

Ndugu zetu wa vikundi, matokeo ya KCSE yakitoka, vikundi vyetu vya Frere Town, Kisauni na Kongowea huanza kuchanga karo. Lakini kijana akiitwa intavyu twamnunulia viatu, twamwombea, basi. Akikosa nafasi twasema ni bahati yake. Katika somo hili tutaona msaada mwingine ambao hauhitaji pesa: kumzoesha kuulizwa.

1. Mahojiano yako wapi?
Tujue hili tusije tukadanganywa. Nafasi za udaktari katika vyuo vikuu vya serikali hugawiwa na KUCCPS kwa alama za KCSE, si kwa mahojiano. KMTC nayo ilianza kupokea maombi kupitia KUCCPS mwaka 2023. Basi mtu akikwambia, "Lete pesa, namjua mkubwa atakayemhoji mtoto wako KMTC," huyo ni tapeli. Karo haipewi mtu mkononi.
Wanaohoji ni baadhi ya vyuo vya binafsi, baadhi ya shule za uuguzi za hospitali za misheni, na vyuo vingi vya ng'ambo, kama vile vya Uingereza. Kamati za basari pia zaweza kumwita kijana.

2. Wanatafuta nini?
Alama wamekwisha kuziona. Sasa wataka kumwona mtu: asikiliza? Ana huruma? Asema kweli? Kusema "nataka kusaidia watu" hakutoshi, manake hata mwalimu na fundi wa bomba husaidia watu. Lakini aliyemuuguza nyanya yake mwenye sukari, akampeleka kliniki na kumkumbusha dawa, huyo ana la kusimulia. Aeleze alifanya nini, nini kilimshinda na alijifunza nini. Asibuni. Swali la pili litamfichua.

3. Kizuizi chetu
Watoto wetu tumewafunza wasimkazie mkubwa macho wala kusema mengi mbele yake, hasa wasichana. Ni adabu nzuri. Lakini mbele ya wahoji, kunyamaza na kutazama chini huonekana kama kutojua. Wengine hawajapata kuulizwa na mtu mzima ila wakigombezwa! Tuwafunze kwamba kuamkia kwa heshima, kisha kumtazama mtu na kumjibu wazi, si utovu wa adabu.

4. Zoezi la kikundi
Mwaka 2004 walimu wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walieleza mtindo wao mpya. Mwombaji hapiti kikao kimoja kirefu. Hupita vituo kama 10 vya dakika 8, kila kimoja na mhoji wake. Mhoji mmoja huweza kumpenda au kumkataa mtu upesi. Wakiwa wengi, bahati hupungua. Mtindo huo umeenea nchi nyingi, na kikundi chaweza kuuiga.
Wanachama watano wakae mbalimbali, kila mmoja na swali lake. Kijana afikiri dakika 2, ajibu dakika 5.
(a) Tuambie unakotoka. (Ajue kwamba Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani.)
(b) Mzee akataa dawa, ati ataka mitishamba tu. Utasema naye vipi?
(c) Wamwona mwenzako akiiba dawa za wodi. Utafanyaje?
(d) Wagonjwa wawili, kitanda kimoja. Utaamuaje?
(e) Ukianguka mtihani wa kwanza, je?
Kila mhoji ataje jambo moja zuri na moja la kurekebisha. Kijana asichekwe. Asilolijua aseme, "Sijui, ningemuuliza aliyenizidi." Siku ya pili zoezi lifanywe kwa Kiingereza, mwalimu asaidie.

5. Siku yenyewe
Achukue kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, asilia pamoja na nakala. Kama ni ng'ambo ya pili, atoke mapema. Daraja la Nyali asubuhi twalijua!

Akikosa, tusimwache. Uuguzi, maabara na utabibu wa klinika ni milango ya kazi ile ile ya kuponya.

MASWALI YA KUJADILI
1. Ni lini mara ya mwisho tulimuuliza kijana maoni yake, tukamsikiliza hadi mwisho?
2. Nani kati yetu amefanya kazi hospitalini, atusaidie kuhoji?
3. Zoezi la kwanza tutalifanya siku gani, na kwa nani?