Kusimamia mtandao wa ghorofa la Kariakoo bila kupanda ngazi

Jengo la ghorofa la Kariakoo, iwe ni mtaa wa Aggrey au huku Jangwani karibu na bonde la Mto Msimbazi, huwa na maduka chini, stoo katikati, ofisi au vyumba vya wageni juu. Waya wa intaneti huingilia chini, mara nyingi kwenye chumba cha mita, ukapanda na mabomba ya maji, na kila baada ya ghorofa mbili tatu kuna kisanduku kinachougawa. Visanduku vikishazidi vinne, fundi anayevikagua kwa miguu hushinda kwenye ngazi. Programu ya usimamizi humwonesha vyote akiwa amekaa kwenye kiti kimoja. Ina upofu wake, nao utaelezwa mbele, kwa kuwa ndio unaoipa seva ya tamino (terminal server) kazi.

Kwanza hujulikana kila kisanduku ni cha aina gani, maana dukani majina huchanganywa. Habu ni ripita yenye matundu mengi: linaloingia tundu moja hutoka matundu yote, na wote waliochomeka hugawana kasi ileile, kwa kawaida megabiti 10 kwa sekunde. Mashine mbili zikisema kwa pamoja data hugongana, na migongano ikifululiza kwenye tundu moja, habu hulitenga tundu hilo lenyewe ili wengine wapumue. Swichi humpelekea anayehusika tu, ndiyo maana imeiondoa habu karibu kila mahali. Ripita ya leo ni ile ya Wi-Fi inayochomekwa ukutani. Kwa kuwa nyingi hupokea na kurusha kwa redio hiyohiyo, mteja aliye nyuma yake hupata takriban nusu ya kasi. Ikiwa waya unaweza kufika, waya ni bora. Mita 100 kwa kila kipande zinatosha ghorofa nyingi tu.

Kisanduku cha bei ya chini chenye matundu 5 au 8 hakina anwani wala sauti ya kuijibu programu. Huonekana kwa kupitia tundu la swichi iliyo juu yake, basi. Anayenunua vifaa vya jengo zima aulize kimoja kabla ya bei: kinajibu SNMP? Hiyo ni lugha iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na bado ndiyo inayoeleweka na vifaa vya kampuni nyingi. Programu huuliza kwa poti 161, kifaa hujibu. Likitokea jambo la ghafla, kifaa hutuma taarifa chenyewe kwa poti 162. Zabbix na LibreNMS hupatikana bure na hutosha kabisa kwa jengo moja.

Vifaa vingi vya zamani hutoka kiwandani na neno la siri “public” la kusomea na “private” la kubadilishia mipangilio. Kuyaacha hayo katika jengo lenye wapangaji wasiojuana ni kuacha ufunguo mlangoni. Toleo la tatu la SNMP hudai jina na nywila na huficha mazungumzo. Kifaa kisicholiweza kiruhusiwe kusomwa tu, tena na kompyuta moja.

Kisha hujazwa sehemu ambayo mafundi wengi huiruka, ya jina la kifaa na mahali kilipo. “Swichi 3” haimsaidii mtu. “Gh. 4, juu ya mlango wa stoo ya vitenge, ngazi iko kwa mlinzi” humfikisha hata fundi mgeni. Saa nazo hulinganishwa. Vifaa vingi huja vikihesabu saa za UTC, zilizo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 3. Mlinzi akisema umeme ulikatika saa 3 asubuhi, simu yake ilionesha 9:00 na kumbukumbu ya swichi imeandika 06:00. Ni tukio moja lenye namba tatu, na ugomvi wake unaweza kula nusu siku.

Umeme ndio chanzo cha kelele nyingi. Swichi ya chini ikizimika, programu hulia kwa ajili ya vyote vilivyo juu yake, hivyo huelezwa mapema nani anategemea nani ili ilie mara moja. Swichi ikirudi, kipimo chake cha muda tangu kuwashwa husema kweli: kikisoma dakika 6, tatizo lilikuwa umeme, si waya. Kipimo cha mzigo kinahitaji uangalifu zaidi. Kaunta za zamani hujaa zikifika baiti bilioni 4.29 na kuanza upya. Kwenye waya wa gigabiti uliojaa hilo hutokea kila baada ya sekunde 34 hivi, na programu inayouliza kila dakika 5 huchora uongo mtupu. Dawa ni kuchagua kaunta za biti 64.

Sasa upofu. Programu huviuliza vifaa kwa waya uleule inaoulinda. Mwandishi aliwahi kubadili mpangilio wa tundu kuu la swichi akiwa mbali, na kwa amri hiyo moja akajifungia nje; jengo zima likawa jekundu kwenye skrini, na safari ikawa ya ngazi saa 2 usiku.

Tiba ya upofu huo ni seva ya tamino, ambayo awali ilibuniwa kuunganisha tamino nyingi na kompyuta kubwa. Siku hizi hufanya kazi ya kinyume: matundu yake 8 au 16 huunganishwa na matundu ya konsoli ya swichi na rauta, kwa kasi ya 9600, na fundi huingia kwenye kila kifaa kana kwamba amesimama mbele yake. Katika rauta za Cisco zenye kazi hiyo, laini ya 1 hufikiwa kwa poti 2001, ya 2 kwa 2002. Poti hizo hazifunguliwi kwa dunia. Mtu huingia kwanza kwa SSH. Muda wa kufunga kikao kilichosahaulika nao huwekwa, la sivyo anayefuata atamkuta mwenzake ameacha mlango wa msimamizi wazi.

Seva hiyo hupewa njia yake, modemu ya laini ya simu, na UPS yake. Haikai chumba cha mita: bonde la Jangwani hufurika, na maji yaliyowahi kuujaza uwanja wa Kaunda wa Yanga hayatashindwa na kizingiti cha mlango. Mara moja kwa mwezi salio la laini huangaliwa, waya mkuu huchomolewa makusudi usiku, na fundi hujaribu kuingia kwa modemu. Swichi ya ghorofa ya juu ikimwomba nywila, waya hurudishwa.