Badiliko la Kiungo Kimoja: Upungufu wa G6PD na Mkojo Mweusi

Tuchukue mfano wa kijana wa Nyololo, pale njia panda ya kwenda Mgololo, anayesumbuliwa na maambukizi ya njia ya mkojo, maarufu kama yutiai. Ananunua vidonge vya nitrofurantoini katika duka la dawa. Siku ya tatu mkojo wake unakuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, macho yanageuka manjano, na anahema kwa kupanda kilima kidogo tu. Nyumbani wanamtafuta mchawi. Zahanati wanatafuta malaria kali. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: amemeza dawa gani?

Ugonjwa wa kijana huyu haukuanzia dukani. Alizaliwa nao. Ndani ya chembe nyekundu za damu kimo kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho ni mnyororo wa asidi amino 515 uliojikunja kwa umbo maalumu. Kazi yake ni kuiwezesha chembe kujikinga na sumu za oksijeni zinazotokana na baadhi ya dawa na maambukizi. Chembe nyingine za mwili zina njia za akiba. Chembe nyekundu haina. Tena haina kiini, hivyo haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Kile ilichozaliwa nacho ndicho itakachotumia kwa takriban siku 120 za uhai wake.

Kila asidi amino huchaguliwa na herufi tatu za jeni. Herufi moja ikibadilika, asidi amino nyingine inaweza kukaa mahali pasipo pake. Katika aina ya upungufu iitwayo ya Mediterania, ambayo ni ya kawaida Omani na nchi za Ghuba, serini iliyo nafasi ya 188 imepisha fenilalanini, iliyo kubwa zaidi na isiyopenda maji. Asidi amino 514 zote zimesalia kama zilivyo, lakini kimeng'enya hakidumu.

Aina iliyoenea Afrika Mashariki huitwa A hasi, nayo ina kisa cha kuvutia zaidi. Nafasi ya 126, asparajini imegeuka asidi aspartiki. Badiliko hilo likiwa peke yake halimdhuru mtu. Likiongezewa la pili, yaani valini ya nafasi ya 68 kugeuka methionini, mnyororo unalegea na kuharibika mapema. Chembe changa bado ina kimeng'enya cha kutosha; chembe iliyozeeka imeishiwa. Dawa kali ikiingia, chembe zilizozeeka ndizo zinazopasuka, na rangi yao hutoka na mkojo.

Hapo pana mtego kwa mhudumu wa maabara. Ukipima G6PD wakati wa dharura, chembe nyingi zilizobaki ni changa, hivyo majibu yanaweza kuonekana ya kawaida. Kipimo kirudiwe baada ya miezi 3 hivi, kabla ya kumwambia mgonjwa kwamba yuko salama.

Jeni hii imo kwenye kromosomu X. Mwana wa kiume hupata X yake kwa mama, kwa hiyo baba hamrithishi mwanawe wa kiume upungufu huu. Huwarithisha binti zake wote. Mama mwenye nakala moja yenye hitilafu ana uwezekano wa nusu kwa nusu kwa kila mtoto wa kiume. Mwanamke mwenyewe huwa na mchanganyiko wa chembe nzima na pungufu, na wapo wanaougua. Wakwe wasilifanye jambo hili kuwa kesi ya ukoo: hakuna aliyelichagua.

Kwa nini hitilafu hii haikutoweka? Mwaka 1961 Anthony Allison na David Clyde walichapisha uchunguzi wa watoto wa Tanganyika ulioonyesha kuwa wenye upungufu walikuwa na vimelea vichache vya malaria. Upungufu umeenea pale malaria ilipotawala. Wa nyanda za juu asijidhanie yuko nje ya hesabu. Jeni haisomi mwinuko wa kijiji, nasi tunaoana na watu wa Kyela, Ifakara na kwingineko.

Dawa za kuulizia ni dapsoni, inayotumika kutibu ukoma, nitrofurantoini, na primakwini ya siku nyingi. Dawa ya malaria iliyochanganya klorproguanili na dapsoni iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu ya kupasua damu za wenye upungufu. Dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kilo, ni jambo jingine: tangu 2012 Shirika la Afya Duniani limeikubali bila kipimo cha G6PD.

Na baridi ya Mufindi ina hatari yake. Blanketi na masweta hutunzwa sandukuni pamoja na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, kisha hutolewa kumfunika mtoto mchanga. Mvuke wake unaweza kupasua damu ya mtoto mwenye upungufu na kuleta manjano inayofika kwenye ubongo. Nguo zilizokaa na vidonge hivyo asivishwe mtoto mchanga, na mtoto aliyekwisha kuwa manjano apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Maharage yetu ya kawaida hayana lawama. Yanayodhuru ni maharage mapana ya Mediterania, ambayo ni nadra kuonekana katika masoko yetu.