Dondoo muhimu: Binti mwenye mgongo uliopinda

Mwambie ainame mbele, magoti yamenyooka, viganja pamoja. Upande mmoja wa mgongo ukipanda kuliko wa pili, msisubiri: mpindo huongezeka kasi binti anaporefuka, hasa karibu na kuvunja ungo. Kama mko Msimbu, anzeni Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe. Ya rufaa ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Picha ya eksirei ikionyesha mpindo wa nyuzi 10 au zaidi, ni skoliosisi.

Mazoezi yafuate mpindo wake mwenyewe. Njia ya Katharina Schroth, iliyoanza Ujerumani miaka ya 1920, humfundisha kurefusha uti wa mgongo, kuuzungusha kinyume cha mpindo, na kuvuta pumzi kuelekea mbavu zilizobonyea. Akishafundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, nyumbani mkeka na kioo vinatosha. Anayekua akifika nyuzi 25, mara nyingi huhitaji pia mkanda maalumu.

Netiboli aendelee kucheza. Na tafadhali msimlaumu kwa namna anavyokaa au kubeba begi. Havikuleta hali hii.

Ganzi au miguu kukosa nguvu: hospitali siku hiyohiyo.