SOMO LA WANACHAMA: KUNUNUA UMEME KWA MSHAHARA MDOGO



Katika mikutano ya tawi tumezoea kuzungumza habari ya mshahara unaoingia. Leo tujifunze habari ya mshahara unaotoka, hasa ule unaotoka kwa njia ya umeme. Mfanyakazi anaweza kupigania nyongeza mwaka mzima, akaipata, halafu akaipoteza nyumbani bila kujua imepitia mlango gani.

Somo hili limetokana na jambo lililotupata wenyewe. Baadhi yetu tulipanga Banda, hapa Kampala, vyumba sita katika mstari mmoja na mita moja ya Yaka. Kila chumba kilimpa mwenye nyumba shilingi 15,000 kwa mwezi, jumla 90,000, naye akanunua umeme. Hata hivyo umeme uliisha kabla ya mwezi kwisha. Kila ulipoisha tuligombana. Mwenye pasi alilaumiwa, mwenye televisheni alilaumiwa, mama mwenye mtoto mchanga alilaumiwa kwa kuacha taa usiku. Hakuna aliyeuliza ni uniti ngapi zilizonunuliwa. Tutarudi kwenye vyumba hivi sita baada ya kujifunza hesabu yenyewe.

1. UNITI NI NINI?

Umeme hupimwa kwa uniti kama sukari inavyopimwa kwa kilo. Chombo cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kimekula uniti moja. Wati zimeandikwa kwenye chombo chenyewe, nyuma au chini. Tupime chumba kimoja cha mfanyakazi kwa siku 30:

Balbu mbili za kisasa za wati 9, saa 5 kila siku: uniti 2.7.
Televisheni ndogo ya wati 50, saa 4 kila siku: uniti 6.
Pasi ya wati 1,000, saa moja kwa juma: uniti 4 na zaidi kidogo.
Kuchaji simu: hata uniti moja haifiki.

Jumla ni kama uniti 13 au 14. Sasa toa balbu moja ya kisasa, weka ile ya zamani ya wati 60. Balbu hiyo moja itakula uniti 9 kwa mwezi. Ni ya bei rahisi dukani, lakini inakula kuliko televisheni. Kwa hiyo hatua ya kwanza si kulaumiana. Hatua ya kwanza ni kugeuza chombo na kusoma wati.

2. BEI IMEPANGWAJE?

Yaka ilianza mwaka 2011, wakati kampuni ya Umeme ilipokuwa ikisambaza umeme. Mkataba wa kampuni hiyo ulikwisha Machi 2025, na kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 kazi ikashikwa na UEDCL, shirika la serikali. Bei hupangwa na mamlaka ya udhibiti, ERA, ambayo huiangalia upya kila robo ya mwaka.

Kwa nyumba ndogo inayotumia umeme kidogo, uniti 15 za kwanza za kila mwezi zimewekewa bei ya chini, shilingi 250 kwa uniti. Baada ya hapo bei hupanda hadi zaidi ya shilingi 700. Katika somo hili tutatumia shilingi 750 ili hesabu iwe nyepesi. Juu ya hayo yote huongezwa kodi ya asilimia 18.

Basi uniti 15 za kwanza ni 3,750, na pamoja na kodi ni 4,425. Uniti 15 zinazofuata ni 11,250 kabla ya kodi. Ni umeme ule ule, wa waya ule ule, lakini bei ni mara tatu.

3. KOSA LA KUNUNUA KWA MKUPUO

Wengi wetu tunapopata fedha ya ovataimu tunanunua umeme wa miezi miwili ili tupumzike. Tunadhani tumeweka akiba. Tuhesabu. Ukinunua uniti 30 katika mwezi mmoja, unalipa 3,750 na 11,250, jumla 15,000. Ukinunua 15 mwezi huu na 15 mwezi ujao, unalipa 7,500 tu. Bei ya chini ni ya kila mwezi, na usipoitumia mwezi huu haikungoji.

Kwa hiyo nunua kila mwezi, tena mwezi unapoanza. Ndani ya mwezi mmoja, kununua kidogo kidogo hakubadilishi bei ya uniti. Lakini ukilipa kwa simu, angalia makato. Anayenunua mara kumi anaweza kukatwa mara kumi.

4. MITA MOJA, VYUMBA VINGI

Hapa ndipo penye jeraha. Chukua vyumba sita, kila kimoja uniti 13 kwa mwezi. Kama kila chumba kingekuwa na mita yake, kingelipa 3,250 kabla ya kodi. Lakini wakitumia mita moja, jumla ni uniti 78. Kumi na tano ni za bei ya chini, 63 ni za bei ya juu. Hesabu inafika 51,000, yaani 8,500 kwa kila chumba. Tofauti ni shilingi 5,250 kila mwezi, au 63,000 kwa mwaka, kwa chumba kimoja. Hakuna aliyeiba kitu. Mita inawaona watu sita kama mtu mmoja tajiri.

Sasa turudi Banda. Tulimwomba mwenye nyumba atuonyeshe risiti. Alikasirika, akasema asiyeridhika ahame. Mmoja wetu alikuwa amekwenda peke yake. Juma lililofuata tulikwenda wote sita, pamoja na wake zetu, tukazungumza kwa adabu. Hawezi kuhamisha mstari mzima. Alituonyesha. Umeme wa mwezi ule ulikuwa kama shilingi 61,000. Tulitoa 90,000.

Hatukumpeleka mahali popote. Tuliomba mambo matatu. La kwanza, tununue wenyewe kwa zamu. La pili, namba 20 za kila tokeni, fedha na uniti viandikwe katika daftari linaloning'inia penye mita. La tatu, kila chumba kiwe na mita ya vyake. Mawili ya kwanza aliyakubali. La tatu alilikataa, na bado tunalidai. Tulibadilisha balbu zote za zamani, na ugomvi ukapungua kwa sababu daftari lilikuwa likisema.

Mahali pengine watu huweka mita ndogo za kupima kila chumba. Hizo husaidia kugawana kwa haki, lakini hazirudishi bei ya chini, kwa kuwa mita kubwa bado ni moja.

5. JIKONI

Wengi wetu tunapika kwa makaa. Amri ya Rais ya Mei 2023 ilipiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaskazini mwa Uganda, na sisi tunaonunua kwa kavera jioni ndio tunaobanwa kwanza na bei. Nyumba nne au tano zinaweza kuchanga na kununua gunia moja, kisha kugawana. Sigiri yenye udongo ndani hutunza moto kuliko ile ya bati tupu. Iko pia bei nafuu ya umeme wa kupikia, lakini huanza baada ya uniti 80 katika mwezi. Wenye chumba kimoja hatufiki huko.

6. NJIA ZA KUEPUKA

Usiunganishe umeme kwa wizi. Waya hizo zinaua watoto, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 iliongeza sana adhabu. Usikope kwa simu ili kununua tokeni, kwani riba itakula uniti za mwezi ujao. Na usirudi kwenye tadooba karibu na godoro na chandarua.

MWISHO

Tusidanganyane kwamba daftari litamaliza umaskini. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada wa kima kipya uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa saini na Rais. Viwanda vikubwa tunamofanya kazi vinauziwa uniti kwa bei ya chini kuliko vyumba tunamolala. Hayo ni mapambano ya chama. Lakini anayejua hesabu ya chumba chake hudai kwa uhakika zaidi kiwandani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Chumba chako kinatumia uniti ngapi kwa mwezi? Leta hesabu, usikisie.
2. Je, nyumba yenu ina mita ngapi kwa vyumba vingapi? Nani anaweka risiti?
3. Ninyi wa mashambani mnaokaa katika nyumba za kampuni, umeme unakatwa kwenye mshahara kwa kipimo gani?
4. Ni jambo gani la umeme na nyumba liingizwe katika madai yetu ya mkataba ujao?