Donda Ndugu la Moyo: Je, Nasaha Pekee Yatosha?

Utangulizi

Kidonda kikubwa kisichopona upesi huitwa donda ndugu. Makala haya yanalitumia jina hilo kwa jeraha la moyo litokanalo na mzazi, mwenzi au ndugu. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako walitambua kuwa atuumizaye zaidi ni aliye karibu nasi. Hoja yetu ni kwamba mwenye jeraha hili huhitaji kusikilizwa kabla ya kushauriwa.

Tatizo la Istilahi

Nchini Kenya, tiba ya kisaikolojia aghalabu huitwa ushauri nasaha. Maneno haya mawili, yenye asili ya Kiarabu, hubeba dhana ya kumwelekeza mtu. Mathalani, mwanafunzi aliyetelekezwa na babake humwendea mshauri akitarajia mawaidha, ilhali jamaa wamekwisha kumwambia, "Msamehe, mzazi ni mzazi." Nasaha hiyo, ijapokuwa njema, hulifunga donda kabla halijasafishwa. Mwanasaikolojia Carl Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 1951, alisisitiza kumsikiliza mteja bila kumhukumu, ili ajitafutie njia mwenyewe.

Kauli kama Tiba

Mwaka 1986, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Wanafunzi hao waliandika kwa dakika 15 kila siku, kwa siku 4 mfululizo. Walioeleza tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi mara tu baada ya kuandika. Hata hivyo, katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kusafisha kidonda huuma.

Aidha, katika tiba, aliyejeruhiwa hujifunza kulitaja tendo kwa jina lake na kuitua lawama isiyo yake. Ndipo huamua kuhusu msamaha. Ikumbukwe kuwa kusamehe si lazima kuwe kupatana: mke aliyepigwa aweza kusamehe pasipo kurudi kwa aliyempiga.

Hitimisho

Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliipa taaluma hii msingi wa kisheria nchini. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalo jukumu la kuitafutia lugha inayobeba pia maana ya kusikiliza. Kupona si kusahau. Kovu hubaki, lakini likiguswa haliumi kama kidonda.