SOMO LA UFUNDI: KUTOA INJINI YA TREKTA KUBWA



Katika tambarare ya Bugarama, wilayani Rusizi, mpunga hulimwa misimu miwili kwa mwaka. Trekta likifa wakati wa kulima, msimu haungoji. Kwa hiyo panga kufumua injini baada ya kulima kwisha, ili usifanye kazi hii kwa haraka.

Kwanza jiulize: ni lazima injini itoke? Gasketi ya silinda hedi hubadilishwa injini ikiwa mahali pake. Lakini kama krankishafti imelika na inataka kuchongwa, lazima itoke.

JAMBO LA KUKUMBUKA KULIKO YOTE

Injini ya lori hukaa juu ya chesisi. Ukiitoa, lori linabaki limesimama. Matrekta mengi hayana chesisi: injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Mbele imefungwa kwenye ekseli, nyuma kwenye giaboksi. Ukilegeza bolti zake bila kuweka nguzo, trekta linakatika na kuanguka. Injini ya silinda 6 huweza kuzidi kilo 400. Hakuna mikono ya kuzuia uzito huo.

HATUA ZA KAZI

1. Chagua mahali pakavu, sawa na pagumu. Kwenye tope jeki huzama. Teremsha jembe chini, funga breki, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Ondoa vyuma vya uzito vya mbele.

2. Ekseli ya mbele hubembea katikati. Pigilia kabari za mbao pande zote mbili, kati ya ekseli na kishikio chake, ili sehemu ya mbele isilale upande.

3. Ngoja injini ipoe. Fungua betri, ukianza na waya wa hasi. Mwaga maji na oili katika vyombo, si ardhini. Funga dizeli.

4. Ondoa boneti, rejeta, mipira, nyaya na mabomba. Tia alama kila kimoja, na ziba midomo ya mabomba kwa kitambaa safi. Mchanga ukiingia kwenye pampu ya dizeli, huiharibu.

5. Weka stendi imara chini ya giaboksi na nyingine chini ya injini. Jeki peke yake haitoshi. Ndipo ufungue bolti za mbele na kusogeza ekseli mbele polepole, ikiwa imeegemezwa.

6. Funga mnyororo wa winchi kwenye masikio ya kuinulia injini. Kaza mpaka uzito ushikwe, usizidishe. Fungua bolti za upande wa giaboksi, kisha vuta injini mbele kwa mstari ulionyooka, shafti ya klachi isipinde.

7. Ikikataa kutoka, usiilazimishe kwa mtaimbo wala winchi. Mara nyingi kuna bolti iliyosahauliwa. Tafuta.

8. Mtu yeyote asipite chini ya injini inayoning'inia. Mmoja tu atoe amri ya kuinua na kushusha. Watoto wakae mbali.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini trekta hukatika injini ikitolewa?
2. Kabari za ekseli ya mbele zina kazi gani?
3. Utafanya nini injini ikikataa kutoka?

Jibuni pamoja na wenzenu kabla ya kushika spana.