Elimu kwa Umma: Rada Inayofuatilia Ndege na Magari Ardhini

Abiria kutoka Mbwajumali anayekwenda kupanda ndege Manda huanza safari yake kwa boti. Akishafika uwanjani, huenda akadhani kwamba hatari iko angani pekee. Lakini baadhi ya ajali mbaya zaidi za ndege zimetokea ardhini.

Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia katika kisiwa cha Tenerife, Uhispania. Kulikuwa na ukungu mzito, waongozaji hawakuweza kuziona kutoka mnarani, na uwanja haukuwa na rada ya ardhini. Watu 583 walifariki.

Rada hiyo hufanyaje kazi? Antena huzunguka takriban mara moja kila sekunde ikituma mawimbi ya redio. Mawimbi yakigonga ndege, gari la zimamoto au trekta la mizigo, hurudi. Muda yanaochukua kurudi huonyesha umbali wa kitu hicho, na upande ambao antena imeelekea huonyesha kilipo. Mwongozaji huona alama kwenye skrini hata usiku au kukiwa na ukungu. Rada za meli zinazoingia Bandari ya Lamu hutumia kanuni hiyohiyo.

Rada pekee haitoshi. Huonyesha kwamba kuna kitu, lakini haisemi ni kipi. Kwa hivyo viwanja vikubwa huongeza vifaa vinavyopokea ishara za utambulisho kutoka kwa ndege na magari. Tena, lazima onyo lionekane kwa wakati. Katika uwanja wa Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, ndege ya abiria iligonga ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa kwenye njia ya kurukia. Onyo lilijitokeza kwenye skrini, lakini halikutambuliwa. Watu 5 kati ya 6 wa ndege ndogo walifariki. Wote 379 wa ndege kubwa waliokolewa.

Viwanja vidogo hutegemea zaidi macho na redio, hivyo nidhamu ya kila mtu ni muhimu. Wananchi wanakumbushwa:

- Wafuate njia waliyoelekezwa na wafanyakazi wa uwanja.
- Wawashike watoto mkono.
- Wasivuke njia ya kurukia ndege kamwe.
- Wakiona mtu au mnyama ndani ya eneo hilo, wamjulishe mfanyakazi wa uwanja mara moja.